Taaluma ya Mameneja wa Usafirishaji: Nani Anawajibika Nyuma ya Usukani?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Basi la abiria linapopata ajali, swali la kwanza huelekezwa kwa dereva: alikuwa na mwendo gani, alilala au alikuwa macho, leseni yake ni halali au imekwisha muda. Ni mara chache wananchi huuliza nani alipanga ratiba ya safari hiyo, nani aliruhusu gari litoke gereji likiwa na breki dhaifu, au nani aliamua kuwa dereva mmoja anatosha kwa safari ya saa kumi na mbili. Mwenye kujibu maswali hayo ni meneja wa usafirishaji, ambaye abiria hamfahamu kwa sura wala kwa jina, lakini maamuzi yake hugusa maisha ya kila anayepanda chombo.

Katika kipindi ambacho Tanzania inapanua reli ya kisasa, bandari, mabasi yaendayo haraka na safari za mabasi za usiku, suala la nani anastahili kuitwa meneja wa usafirishaji, na nani anamsimamia kitaaluma, linahitaji kutazamwa kwa makini. Historia ya chombo kikongwe cha taaluma hiyo duniani inatoa mafunzo yanayoweza kuwasaidia wananchi kuelewa mwelekeo wa hapa nchini.

Chimbuko la mwaka 1919

Chombo hicho ni Taasisi ya Usafirishaji iliyoanzishwa jijini London mwezi Novemba 1919, ambayo leo inafahamika kimataifa kwa kifupi cha CILT. Rais wake wa kwanza alikuwa Sir Eric Geddes, ambaye mwaka huo huo aliteuliwa kuwa Waziri wa kwanza wa Usafirishaji wa Uingereza. Wizara na taasisi ya taaluma vilizaliwa katika mwaka mmoja, na sababu zake zilikuwa zilezile.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imedhihirisha kwamba ushindi hautegemei silaha peke yake, bali pia uwezo wa kupeleka chakula, risasi na majeruhi mahali panapotakiwa kwa wakati. Vita vilipokwisha, malori mengi ya jeshi yaliuzwa kwa raia, na askari waliojifunza udereva vitani wakaanza biashara ya kubeba mizigo. Kampuni za reli, ambazo kwa miongo mingi hazikuwa na mshindani mkubwa nchi kavu, zilijikuta zikipambana na watu wenye lori moja moja. Ushindani huo ulileta unafuu wa bei, lakini pia ulileta magari mabovu, madereva waliochoka na kampuni zilizofilisika.

Waanzilishi wa taasisi hiyo walikusudia kuwakutanisha chini ya paa moja wasimamizi wa reli, barabara, bandari na meli, ili usafirishaji utambuliwe kuwa elimu yenye kanuni zake na isibaki kuwa ujuzi wa kurithishana kazini. Mwaka 1926 taasisi ilipewa Hati ya Kifalme, hatua iliyoipa hadhi ya kisheria inayojitegemea. Mwaka 1971 iliongeza neno linaloashiria hati hiyo katika jina lake. Mwaka 1999 shughuli zake nchini Uingereza ziliunganishwa na za Taasisi ya Lojistiki, kwa kutambua kwamba kubeba mzigo, kuuhifadhi ghalani na kuufikisha kwa mlaji ni mnyororo mmoja.

Namna inavyojiongoza

Utawala wa taasisi ya aina hii una mambo matatu ya msingi. La kwanza ni hati yenyewe, ambayo inaeleza malengo, mamlaka na mipaka ya chombo. Uongozi hauwezi kuibadilisha kwa matakwa yake, kwa kuwa marekebisho yoyote ya Hati ya Kifalme hupaswa kuridhiwa na Baraza la Ushauri la Mfalme. Kwa njia hiyo wanachama wanajiongoza wenyewe, lakini dola inabaki na jicho la kuhakikisha kuwa taaluma haigeuki kuwa umoja wa kulinda maslahi ya wachache.

La pili ni ngazi za uanachama. Mwanafunzi, mshirika, mwanachama, mwanachama mwenye hadhi ya hati na mwanachama mwandamizi hawako katika daraja moja. Kupanda kutoka ngazi moja kwenda nyingine kunahitaji elimu, uzoefu wa kazi uliothibitishwa na wajibu halisi wa usimamizi. Kwa mwajiri, herufi zinazofuata jina la mtu huwa ni ushahidi kwamba wenzake katika fani wamempima.

La tatu ni maadili na kujiendeleza. Mwanachama huahidi kufuata kanuni za mwenendo na kuendelea kujifunza katika maisha yake yote ya kazi, na akikiuka anaweza kuondolewa. Matawi katika nchi mbalimbali, Tanzania ikiwa miongoni mwao, huwa na mabaraza yao ya uongozi yanayofanya kazi ndani ya misingi hiyo hiyo. Mwaka 2013 lilianzishwa pia jukwaa la wanawake katika usafirishaji na lojistiki, sekta ambayo kwa muda mrefu ilionekana kuwa ya wanaume.

Mipaka ya uanachama wa hiari

Pamoja na heshima hiyo, chombo cha hiari kina udhaifu mmoja ulio wazi. Anayefukuzwa uanachama anapoteza hadhi, lakini hapotezi kazi. Anaweza kuendelea kusimamia magari kwa kampuni isiyojali vyeo vya kitaaluma. Ulaya ilitambua pengo hilo, na kuanzia mwaka 1974 ikaweka masharti ya pamoja ya kuingia katika biashara ya kubeba mizigo na abiria kwa barabara.

Kwa utaratibu uliopo chini ya Kanuni Na. 1071 ya mwaka 2009 ya Umoja wa Ulaya, kampuni ya usafirishaji hutakiwa kuwa na ofisi ya kudumu, mwenendo mwema, uwezo wa kifedha na meneja wa usafirishaji aliyefaulu mtihani wa umahiri. Meneja huyo hutajwa kwa jina katika kumbukumbu za leseni. Akiwa ni wa mkataba kutoka nje ya kampuni, haruhusiwi kusimamia zaidi ya kampuni nne, wala magari yanayozidi 50 kwa jumla. Lengo la kikomo hicho ni kuzuia mtu mmoja kukodisha cheti chake kwa kampuni nyingi ambazo hana muda wa kuzikagua. Uingereza, hata baada ya kujitoa katika Umoja huo, imeendelea kumtaka mwenye leseni awe na meneja anayetambulika, na Makamishna wa Usafirishaji wanaweza kumzuia meneja asiyefaa kufanya kazi hiyo.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika mji wa Bath, Uingereza, mwezi Februari 2015, ambapo lori la mchanga lilishindwa kusimama kwenye mteremko na kuua watu wanne, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka minne. Uchunguzi ulibaini breki mbovu na matengenezo duni. Mwaka 2017 mahakama ilimhukumu mmiliki wa kampuni kifungo cha miaka saba na nusu, na fundi wa magari miaka mitano na miezi mitatu. Dereva aliachiwa huru. Hukumu hiyo ilionyesha kuwa kosa linaweza kuanza muda mrefu kabla dereva hajawasha injini.

Safari ya Tanzania

Nchini Tanzania, taaluma hii ilikua sambamba na mashirika ya umma. Mwaka 1974 kampuni ya DMT, iliyokuwa imetaifishwa, iligawanywa na kuzaa Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA) pamoja na Kampuni ya Mabasi ya Taifa (KAMATA). Mashirika hayo yalihitaji wasimamizi, si madereva na mafundi pekee. Ndiyo maana mwaka 1975 kilianzishwa chuo chini ya Shirika la Taifa la Usafirishaji, ambacho kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 1982 kikawa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT), chenye makao yake Mabibo, Dar es Salaam.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1983, Serikali iliporuhusu watu binafsi kutoa huduma ya usafiri wa abiria jijini Dar es Salaam, na daladala zikaingia rasmi barabarani. Umiliki ulitoka katika mashirika machache yenye idara za mipango, matengenezo na mafunzo, ukaenda kwa wamiliki wengi wenye gari moja au mawili. Katika mfumo huo mpya, mara nyingi kazi ya meneja iliangukia kwa mmiliki mwenyewe, ndugu yake au dereva, na hesabu ya siku ikawa ndiyo ratiba.

Serikali ilijibu kwa kuimarisha udhibiti. Sheria ya mwaka 2001 ilianzisha SUMATRA, na Sheria Na. 3 ya mwaka 2019 ikaanzisha Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), ambayo pamoja na kutoa leseni imepewa jukumu la kuthibitisha madereva wa vyombo vya kibiashara na kusajili wahudumu. Mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi umewezesha mwendo wa gari kuonekana likiwa safarini. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi, uamuzi unaoongeza uhuru wa kibiashara lakini pia uzito wa kupanga zamu, mapumziko na ukaguzi wa magari.

Hoja za pande mbili

Taaluma kadhaa nchini tayari zinasimamiwa na bodi za kisheria. Wahasibu wana NBAA iliyotokana na Sheria Na. 33 ya mwaka 1972. Wahandisi wana Bodi ya Usajili wa Wahandisi chini ya Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Na wataalamu wa ununuzi na ugavi wana bodi yao kwa Sheria ya mwaka 2007. Katika usafiri wa barabarani, uzito wa sheria umeelekezwa zaidi kwa mwenye leseni, dereva na chombo chenyewe. Hata jina "afisa usafirishaji" limezoeleka mitaani kuwa la heshima kwa waendesha bodaboda, jambo linaloonyesha kuwa cheo hicho bado kina mipaka mipana katika matumizi ya kila siku.

Wanaotaka udhibiti wa kitaaluma uimarishwe wanasema kuwa takwimu za mwendo wa basi hazina faida iwapo ofisini hakuna mtu mwenye elimu ya kuzisoma na mamlaka ya kumsimamisha dereva. Wanaongeza kuwa meneja aliyesajiliwa ana cha kupoteza, hivyo ana ujasiri wa kumkatalia mmiliki anayetaka gari litoke bila ukaguzi.

Hoja ya tahadhari nayo ni nzito. Mmiliki wa gari moja hawezi kubeba mshahara wa meneja mwenye shahada, na gharama hiyo ikilazimishwa itamfikia abiria kupitia nauli. Aidha, bodi isiyo na uwazi inaweza kufunga milango kwa vijana wenye ujuzi wasio na ada ya usajili. Njia ya kati ni wamiliki wadogo kuungana katika vyama vya ushirika au kampuni na kuwa na meneja mmoja, kwa kikomo cha idadi ya magari kama ilivyofanyika Ulaya. Kwa kuwa wamiliki wa mabasi na daladala tayari wana uzoefu wa kujipanga katika vyama, hatua hiyo haitakuwa ngeni kwao.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi hahitaji kusubiri mjadala huo ukamilike. Abiria wa safari ndefu anaweza kuuliza kama kuna dereva wa pili, na mwenye mzigo anaweza kuuliza nani anasimamia matengenezo ya lori kabla ya kukabidhi mali yake. Asiyeridhika na huduma anaweza kupeleka lalamiko LATRA, na Sheria ya mwaka 2019 imeweka pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri Ardhini ili sauti ya mtumiaji isikike. Lalamiko lenye tarehe, namba ya gari na jina la njia husaidia zaidi kuliko manung'uniko ya jumla, kwa sababu linaiwezesha Mamlaka kufuatilia hadi ofisini kwa mwenye leseni.

Zaidi ya karne moja tangu mkutano wa London, chombo kimebadilika kutoka treni ya mvuke hadi ya umeme, na ratiba iliyokuwa ikiandikwa kwa mkono leo inaonekana kwenye simu. Hata hivyo, kabla ya kila safari bado kuna mtu anayeamua kama gari liko salama na kama dereva amepumzika. Nchi inapowekeza fedha nyingi katika reli, barabara na bandari, elimu, jina na uwajibikaji wa mtu huyo ni sehemu ya uwekezaji huo.