Kabla ya bomba la dawa, mkulima amjue mdudu

KILA masika yanapoingia, bustani ndogo za Kisauni, Likoni na Changamwe hujaa mchicha, kunde, mnavu na mipapai katika kila kipande cha ardhi kilichosazwa na nyumba za kupangisha. Haupiti muda mkulima hugeuza jani na kukuta mayai ya manjano yaliyosimama wima kama punje, au buu jeusi lenye mabaka ya rangi ya chungwa. Wengi hukata shauri moja tu: kupiga dawa.

Shauri hilo mara nyingi ni la kujidhuru. Buu hilo jeusi, lenye miguu sita na umbo la mamba mdogo, ni mtoto wa mbawakawa mviringo mwenye madoa ambaye watoto hupenda kumchezea. Chakula chake si jani bali vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa kunde. Buu moja hula mamia yao kabla halijakomaa. Anayeliua huwa amewafukuza askari na kuwaachia wezi nyumba.

Hata hivyo, si kila yai la manjano ni la rafiki. Wapo mbawakawa wa ukoo huo huo wanaokula majani ya biringanya, mnavu na maboga, na mayai yao hufanana mno na ya wenzao. Mabuu yao ndiyo yanayofichua siri: ni ya manjano, yana miiba yenye matawi, na hulikwangua jani likabaki kama wavu. Viwavijeshi vamizi nao, walioripotiwa nchini mwaka 2017, ni watoto wa nondo. Mayai yao hufunikwa kwa manyoya, na kiwavi huwa na miguu bandia tumboni ambayo buu la mbawakawa halina. Chonga anayetoboa minazi hatagi kwenye majani, bali katika magogo na takataka zinazooza.

Gharama ya kukosea imeonekana kwenye mpapai. Mwaka 2016 mdudu mweupe kama unga, mwenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, aliripotiwa Mombasa. Nta yake huzuia dawa isimfikie, na baadaye Kenya ililazimika kuagiza kutoka Ghana nyigu mdogo wa kumwangamiza. Baadhi ya mabuu ya mbawakawa wanaomla mdudu huyo hujivika nta nyeupe vile vile. Mkulima asiyejua huwaua wote pamoja, ingawa tofauti ipo: buu la rafiki hutembea upesi, adui hung'ang'ania pale anapofyonza.

Maarifa haya si mapya. Mwaka 1888 Marekani ilimchukua mbawakawa wa jamii hiyo kutoka Australia, akaokoa michungwa ya California katika muda mfupi.

Basi tatizo ni nani wa kumweleza mkulima wa Mtongwe au Mikindani. Tangu 2013 huduma za ushauri wa kilimo ziko mikononi mwa kaunti, na katika kaunti ya mji, yenye bandari na hoteli, ni rahisi mkulima wa mchicha kusahauliwa. Pengo hilo huzibwa na mwenye duka la pembejeo, ambaye ndiye mpimaji na ndiye muuzaji. Si ajabu kila ugonjwa ukapata chupa yake. Mwisho wa yote, mboga iliyopigwa dawa bila haja huishia sahanini mwa mlaji.

Kituo cha utafiti wa kilimo kipo Mtwapa, ng'ambo tu ya daraja kutoka Kisauni. Kaunti haihitaji fedha nyingi kuchapisha picha za mayai na mabuu haya na kuzibandika masokoni na kwenye ofisi za wadi. Mpaka hapo, mkulima aanze kwa kutazama kilicho kando ya yai: kama ni vidukari, asubiri siku chache; kama jani limekwanguliwa, ayaondoe kwa mkono. Usilolijua ni usiku wa kiza, na gizani rafiki na adui hupigwa rungu moja.