Flashi ya Bei Poa na Mizani ya Wapunjaji

  

 Mwaka huu tumeona tuzungumzie kitu kidogo cha kutia mfukoni, lakini hasara yake ni kubwa: flashi na memori kadi za bei ya kutupa. Siku hizi utaikuta flashi imeandikwa TB 1, yaani GB 1,000, inauzwa kwa bei ya kilo chache za mchele. Mnunuzi hufurahi akidhani amepata. Sisi tunasema, mara nyingi amepunjwa.

Kwanza tufahamu udanganyifu wenyewe unavyofanyika. Ndani ya flashi mna chipu inayotunza kumbukumbu, na chipu nyingine ndogo inayoiongoza na kuiambia kompyuta ukubwa wake. Mdanganyifu huchukua kumbukumbu ya GB 8 au 16, kisha huibadilisha ile chipu kiongozi ili iseme GB 512 au zaidi. Kompyuta huamini inachoambiwa. Faili za mwanzo hukaa vizuri. Nafasi ya kweli ikishajaa, faili mpya ama huandikwa juu ya zile za zamani, ama hupotea moja kwa moja. Lakini majina ya faili huendelea kuonekana, kwa kuwa orodha yake kwa kawaida huwekwa mwanzoni mwa flashi, penye nafasi ya kweli. Kwa hiyo mtu haoni tatizo lolote mpaka siku anayotaka kuzifungua.

Hata diski kubwa za nje hazikusalimika. Mwaka 2022 mtafiti mmoja wa usalama wa kompyuta alifungua kasha lililouzwa kuwa ni diski ya TB 30. Ndani alikuta memori kadi mbili tu, zimebandikwa kwa gundi.

Msidhani hasara hapa ni ya shilingi elfu chache. Familia moja ilituletea flashi iliyohifadhiwa darsa za babu yao, Allah amrehemu, alizokuwa akisoma kila Ramadhani. Majina ya faili yote yalikuwepo, mwaka kwa mwaka. Zilizofunguka zilikuwa chache za mwanzo tu. Rekodi nyingine hazikuwa mahali popote. Flashi itanunuliwa nyingine, lakini sauti ya mzee aliyekwisha kufa itanunuliwa duka gani?

Wapo wanaosema kosa ni la mnunuzi, kwani nani asiyejua kuwa rahisi huvunja upishi? Maneno haya hatukubaliani nayo. Mnunuzi akiwa na tamaa, tamaa yake haimhalalishii muuzaji udanganyifu. Sote tunakijua kisa cha Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta ubichi chini. Mwenyewe akasema kimenyeshewa mvua. Mtume (S.A.W.) akamuuliza kwa nini asikiweke juu watu wakione, kisha akabainisha kwamba anayedanganya hayumo katika njia yake. Flashi ya bandia ni rundo lile lile: juu kavu, chini bichi. Na Suratul Mutaffifin imeteremshwa kuwaonya wapunjao vipimo. GB ni kipimo kama pishi na kilo. Mwenye kuandika 512 akatoa 8 amepunja.

Kwa hiyo, enyi vijana mnaouza vifaa vya simu baada ya masomo, msijikinge kwa kusema "mzigo nimeuletewa hivi hivi". Ukishajua kasoro ni wajibu wako kuibainisha, na mteja aliyeuziwa kasoro iliyofichwa ana haki ya kurudisha kitu na kupewa fedha zake. Kumwambia "mali ikishauzwa hairudi" hakuiondoi haki hiyo.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Asitosheke na kuweka picha mbili tatu akaona zinafunguka, kwa sababu hizo zinaingia katika nafasi ya kweli. Zipo programu za bure, kama H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux, ambazo huijaza flashi yote kisha huisoma kuhakiki kilichoandikwa. Kazi hii huweza kuchukua saa nyingi, basi ifanywe mapema, flashi ikiwa bado tupu na risiti ikiwa mkononi. Vijana, wengi wenu mnayajua mambo haya kuliko wazazi wenu. Wahakikieni kabla hawajaweka humo picha za harusi na vyeti vya familia.

Tuwe waadilifu pia, tusimtuhumu mtu bure. Flashi halali ya GB 32 huonekana kama GB 29.8 katika Windows. Huo si wizi: mtengenezaji huhesabu kwa 1,000, na Windows huhesabu kwa 1,024.

Mwisho, hata flashi halali hufa. Darsa, picha na nyaraka zenye thamani ziwekwe mahali zaidi ya pamoja, na nakala moja iwe nje ya nyumba. Mtu hufunga ngamia wake kwanza, kisha humtegemea Mwenyezi Mungu.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) atujaalie kuwa wauzaji wakweli na wanunuzi waangalifu, na azibariki chumo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.