DAINAMO IMECHOKA, TUFUNGE ALTANETA, LAKINI TUIFUNGE SAWASAWA



Siku ya mkutano mkuu ajenda ya gari itakuja tena, na najua itakwenda kama ilivyozoea kwenda. Mtu atasimama aseme betri imekufa, Kamati itaomba fedha ya betri mpya, tutanyoosha mikono, basi. Mimi nasema safari hii tusinyooshe. Mhasibu anazo risiti za betri tatu ndani ya misimu miwili. Betri tatu! Hizo hazikufa kwa ubovu wake, zimeuawa, na anayeziua ni dainamo tuliyoibebesha kazi isiyoiweza.

Land Rover yetu ni Series IIA ya kabla ya mwaka 1967. Dainamo yake ya Lucas hutoa ampea 22 ikizungushwa vya kutosha, na mambo yote yako kwenye hayo maneno mawili, "vya kutosha". Nani hapa kijijini hajapanda Phoenix yenye dainamo? Ukiteremka kwa kasi unaona njia yote mbele. Ukiingia kwenye mchanga ukapunguza mwendo, taa inakuwa jekundu kama kaa la moto. Ukisimama, giza. Ya gari ni ndugu yake yule yule.

Sasa tazameni msimu wa pamba gari letu linafanya nini usiku. Linasimama mbele ya ghala, injini inanguruma polepole, taa kubwa zinamulika mizani. Taa hizo mbili, wati 60 kila moja, zinakula ampea 10. Ongeza taa za nyuma, ongeza umeme wa koili. Dainamo kwa mwendo huo haitoi karibu kitu, kwa hiyo yote inanyonywa kwenye betri, saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Betri ikikaushwa hivyo kisha ikalala bila chaji, sahani zake za risasi zinashika utando mgumu wa salfeti, na hapo hata ukiichaji siku nzima haishiki. Ndipo tunaambiwa betri za siku hizi ni feki.

Kuna wanaosema hiyo ni habari ya mafundi, sisi wakulima inatuhusu nini. Inatuhusu sana. Wazee wetu wa Usukuma hawakuanzisha ushirika kwa kupenda vikao. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka wapimaji wao wenyewe kando ya mizani za wanunuzi, kwa sababu kilo zilikuwa zinapotea, na kutokana na harakati hizo, akina Paul Bomani wakiwa mbele, likaja shirikisho la vyama vya Victoria mwaka 1955. Leo mizani ni yetu wenyewe, halafu tunapimiana gizani? Msimu uliopita mama mmoja alikataa kupimiwa taa ilipofifia, akalala juu ya magunia yake hadi kukucha. Watu walimcheka. Mimi sikucheka.

Eti tununue taa ya sola ya ghalani yaishe. Tununue, sipingi. Lakini gari hili hili ndilo linalopeleka wagonjwa Somanda usiku, na masika njia inavyokuwa tope tunakwenda mwendo wa ng'ombe, taa zinawaka na waipa zinafanya kazi. Taa ya sola itamulika ghala, haitamulika daraja.

Altaneta ina nafuu gani? Katika dainamo umeme wote unaotoka unapita kwenye brashi za kaboni, ndiyo maana haivumilii kuzungushwa kasi mno. Katika altaneta umeme mkubwa unatoka kwenye nyaya zilizotulia, brashi zinapitisha ampea chache tu za kuamsha sumaku. Kwa hiyo inafungwa puli ndogo, inazunguka haraka, na hata gari likisimama inatoa chaji ya maana. Lucas 18ACR hutoa ampea 45, mara mbili ya tuliyo nayo. Ila mimi nashauri tuchukue ya Toyota ya mtumba iliyo nzima, kwa sababu ikiharibika fundi wa Bariadi mjini anaijua na vipuri vyake vinapatikana. Ya Lucas utaisubiri kama mvua ya Oktoba.

Dereva wetu hataki, na hoja yake si ya kudharau. Anasema: dainamo haisahau sumaku yake. Betri ikifa kabisa, mkisukuma gari inaamka na kuwasha injini. Altaneta bila umeme kidogo wa betri haiamki, mtasukuma mpaka Maswa. Ni kweli tupu, Mzee amesema sawa. Lakini tujiulize kwa nini tunasukuma kila wiki. Tunasukuma kwa sababu dainamo haichaji! Sifa ya kutuokoa na njaa aliyoileta mwenyewe simpi mtu.

Hapa sasa ndipo ninapoogopa, maana tukikubali tutaita fundi wa bei rahisi, atafungua nati mbili na kufunga nati mbili, atachukua hela yake aondoke. Gari la umri huu limefungwa kinyume na ya leo: upande chanya wa betri ndio umeshikishwa kwenye chesisi. Altaneta inataka hasi. Nimeshuhudia gereji moja ikisahau jambo hilo. Moshi ulitoka kabla stata haijaguswa, daiodi zote zikaungua. Kwa hiyo kwanza betri igeuzwe, hasi iende kwenye chesisi. Nyaya mbili ndogo za koili zibadilishane, na za mita ya ampea vilevile. Taa na stata hazijali, zitafanya kazi kama kawaida. Stata haitazunguka kinyume kama wengine wanavyotishana.

Waya ndio utakaotuletea moto tukifanya ubahili. Waya wa zamani ulipimwa kwa ampea 22, na njiani unapitia mita ya dashibodi inayoishia 30. Ukiupitishia 45 utayeyuka nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Uvutwe waya mpya mnene, milimita za mraba 10, kutoka altaneta moja kwa moja hadi betri, na fyuzi yake iwe karibu na betri. Unapopita kwenye bati uvishwe raba usikatwe. Kile kisanduku cha kudhibiti chaji kitolewe kazini kabisa, kwa kuwa altaneta inajidhibiti yenyewe. Vikiachwa viwili vitagombana. Mita ya ampea tuiage, tuweke ya volti.

Halafu ile taa nyekundu ya chaji. Watu wanaiona pambo. Kumbe umeme wa kuamsha altaneta unapita humo! Balbu ikiungua, altaneta inaweza kulala na dereva asijue. Iwekwe balbu ya kawaida ya wati 2, isiwe ya LED, kwa maana LED inapitisha umeme mdogo mno. Za LED tutaweka kwenye taa za nyuma tukipenda.

Na vijana wetu wa kuchomelea, tafadhali. Siku mkichomelea chesisi, fungueni kwanza vichwa vya betri na nyaya za altaneta. Na asiwepo mtu wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, "kupima kama inachaji". Mchezo huo dainamo ilikuwa inauvumilia. Altaneta haiuvumilii, daiodi zinakwenda papo hapo.

Ninachoomba mkutano upitishe ni hiki: fedha ya betri ya nne isitolewe mpaka altaneta iwe imefungwa, na fundi asilipwe mchana. Aje hapa ghalani saa mbili usiku. Mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba, usizame zaidi ya kama nusu inchi. Taa zote ziwashwe, waipa ziwashwe, injini iachwe inanguruma polepole, na mjumbe mmoja wa Kamati ashike mita ya volti kwenye betri mbele ya wanachama. Ikisoma kati ya 13.8 na 14.4, alipwe pale pale. Ikisoma 12 na kushuka, hajafunga kitu. Ikipita 15, inachemsha betri, aifungue upya. Dereva naye awepo, na yeye ndiye aisome kwa sauti.

Mwanachama, upande wa ghala