MWANA AKIPATA NAFASI YA KUSOMA ULAYA: TUMZUIE AU TUMUANDAE?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), aali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wapenzi, katika toleo la mwaka huu sisi walimu tumeona tuzungumzie jambo ambalo limepiga hodi madrasani kwetu zaidi ya mara moja.

Mzazi mmoja alitujia baada ya swala ya alasiri akiwa na karatasi mkononi. Binti yake, aliyehitimu msahafu hapa kwetu kisha akaendelea na skuli hadi chuo kikuu, alikuwa amepata skolashipu ya kusomea shahada ya uzamili Ulaya. Masomo yenyewe hayakai mahali pamoja: muhula huu nchi hii, muhula ujao nchi nyingine, na tasnifu huenda ikaandikwa nchi ya tatu. Mzee yule hakutuuliza habari za fedha wala za baridi. Alituuliza neno moja tu: "Maustadhi, nikimruhusu, atarudi na dini yake?"

Tulinyamaza kidogo. Swali hilo tulikwishawahi kulijibu, na tulilijibu vibaya.

Miaka kadhaa nyuma kijana wetu mmoja alipata nafasi kama hiyo. Baba yake alipokuja kutaka ushauri, hatukuuliza kijana anakwenda kusoma nini, wapi, wala kwa masharti gani. Tukasema Ulaya ni kuharibikiwa, mzuie. Akazuiwa. Nafasi ikapita na haikurudi tena. Leo kijana yuko mji huu huu, na katika swala ya jamaa hatumuoni. Akikutana nasi njiani hutuamkia kwa adabu zote, kisha hutazama pembeni. Hatusemi kwamba angalikwenda angalikuwa mchamungu, ghaibu aijuaye ni Allah peke yake. Tunasema kwamba tulimnyima elimu kwa jina la kumhifadhia dini, na dini yenyewe hatukumhifadhia.

SKOLASHIPU YENYEWE NI IPI?

Wazazi wengi huisikia kwa jina tu, basi tuifafanue. Inaitwa Erasmus Mundus, na ilianza mwaka 2004 chini ya Umoja wa Ulaya. Jina limetoka kwa Erasmus wa Rotterdam, mwanachuoni aliyesoma na kusomesha katika nchi kadhaa za Ulaya. Vyuo vikuu vya nchi mbalimbali huungana na kuendesha kozi moja, na mwanafunzi hulazimika kusoma katika nchi zisizopungua mbili mbali na anakoishi. Masomo huchukua mwaka mmoja hadi miwili. Kwa utaratibu ulioanza mwaka 2021, anayepata skolashipu hulipwa posho ya yuro 1,400 kwa mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24, na ada ya chuo halipi. Katika posho hiyo hutoka nauli, viza, kodi ya nyumba na chakula.

Hapa pana nukta ambayo mzazi Muislamu asiipite haraka. Fedha hii ni ruzuku, si mkopo. Hairejeshwi wala haina riba. Wangapi miongoni mwetu wanawazuia watoto wao nafasi ya namna hii, kisha wanawakopea kwa riba wakasome karibu na nyumbani?

KUSAFIRI KWA AJILI YA ELIMU SI BIDAA

Wapo wanaotumia maneno maarufu ya kuitafuta elimu hadi China kuwa ndiyo hoja. Sisi hatuyategemei, kwani wanazuoni wa hadithi wameyadhoofisha. Wala hatuna haja nayo. Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu yake, alizaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria, akalelewa Makka, akasoma kwa Imamu Malik Madina, akaenda Yemen na Iraq, na akafia Misri mwaka 204. Karibu na kwetu yupo Sayyid Ahmad bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861. Alikwenda Hadhramaut, Istanbul, Misri na Makka, akarudi Unguja kuwa kadhi hadi alipofariki mwaka 1925. Watu hawa hawakusoma nchi moja. Kila walipokwenda walichukua cha huko, na walichotoka nacho nyumbani hawakukiacha.

Atasema msemaji: hao walikwenda miji ya Waislamu. Ni kweli, na tofauti hiyo hatuifichi. Lakini elimu ya tiba, ya maji, ya uvuvi na ya mazingira ni faradhi ya kutosheleza. Wasipoisoma watoto wetu, sisi sote tutaulizwa.

HOFU ZA KWELI NA HOFU ZA UVUMI

Tuanze na uvumi. Tumesikia ikisemwa kwamba Ufaransa mwanafunzi wa kike lazima avue hijabu. Sheria ya mwaka 2004 inahusu skuli za serikali za chini ya chuo. Wanafunzi wa vyuo vikuu haiwagusi.

Hofu za kweli zipo, tena si ndogo. Stockholm mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa tisa alasiri, na mwishoni mwa mwezi wa Juni huzama baada ya saa nne usiku. Ishaa itaswaliwa saa ngapi, na alfajiri iko wapi? Uswidi na Denmark hairuhusiwi kumchinja mnyama bila ya kumpoteza fahamu kwanza, kwa hivyo kila nyama inahitaji kuulizwa. Darasa huenda likawekwa wakati wa Ijumaa. Na upweke ni mtihani mkubwa kuliko yote hayo, kwani mwanafunzi akishapata rafiki wa kuswali naye, muhula huisha na nchi hubadilika, aanze kutafuta upya.

Juu ya binti kusafiri bila ya mahram, hatutaki kupunguza uzito wa jambo. Wapo wanazuoni wanaolishikilia sharti hilo kwa kila safari, na wapo wa zama hizi wanaoruhusu safari ya elimu iwapo njia na makaazi vina amani na walii ameridhia. Familia isijitolee fatwa yenyewe, na isimfiche binti hukumu. Waende kwa mwanachuoni wanayemuamini, waulize pamoja naye.

MAONI YETU

Maoni yetu ni kwamba mtoto aliyeandaliwa aruhusiwe, na kuandaa ni kazi yetu sote. Asiyeandaliwa hata Kariakoo atapotea, sembuse Ulaya.

Sisi walimu tunakiri upungufu wetu. Tumewahifadhisha watoto nguzo za swala, lakini wangapi wanaweza kujua wakati wa swala bila kusikia adhana? Wangapi wanajua kwamba kwa madhehebu yetu aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili hahesabiwi tena msafiri, na kwa hivyo anayekaa muhula mzima hana ruhusa ya kukusuru? Elimu hii haingoji siku ya kukata tiketi. Tumeazimia kuiingiza katika darasa la wakubwa kuanzia mwaka ujao, In shaa Allah.

Wazazi nao wana sehemu yao. Msimsubiri mtoto apate barua ndipo mumfundishe kupika, kutunza fedha na kusema hapana. Akishaondoka, mpigieni simu ya kumsikiliza, isiwe ya kumkagua. Na posho yake msiigawe kabla hajafika. Tumeona familia inampangia kijana kujenga nyumba kwa fedha ambayo yeye anahitaji kulia chakula.

Nanyi wanafunzi, hakuna atakayekuchukua kwa sababu ya masikitiko yako. Alama za shahada ya kwanza ndizo zinazosema, pamoja na Kiingereza chako na barua unayoiandika mwenyewe. Kozi nyingi hupokea maombi kati ya Oktoba na Januari. Maombi hupelekwa moja kwa moja kwa vyuo vinavyoendesha kozi, kwa hivyo anayejiita wakala na kudai fedha akuhakikishie nafasi, mkimbie. Kisha safisha nia. Anayekwenda kukimbia nyumbani hana tofauti na mtoro wa madrasa.

Yule mzee tulimwambia: kaa na binti yako, nasi tutakaa naye. Tulisoma naye baada ya ishaa kwa wiki tatu, mama yake akiwepo. Familia ikaenda kumuuliza sheikh, ikaridhika. Sasa yuko muhula wa pili. Juzi alituandikia swali juu ya wakati wa ishaa katika mji aliohamia, na jibu hatukuwa nalo. Ilitubidi tufungue vitabu na tuwaulize waliotuzidi. Tulifurahi. Swali lile lilikuwa ndilo jibu la baba yake, hadi hapa tulipofika. Yaliyobaki tunamuombea, nanyi muombeeni.

Allah awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, awape elimu yenye manufaa, na atusamehe sisi tulipokosea. Amin.