Mtoto Akitapika Kijani, Usingoje

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa usiotokea mara nyingi, lakini ukitokea, saa chache zaweza kuamua uhai wa mtoto. Ni utumbo kujisokota.

Sisi akina mama tumezoea mtoto kucheua maziwa. Akicheua meupe na ananyonya vizuri, hatuogopi. Lakini mtoto mchanga akitapika maji ya kijani kama ya mchicha, hayo si maziwa, ni nyongo. Huenda utumbo umeziba. Wengi wetu husema, "Ni mchango huo," tukatafuta dawa ya mizizi. Hapo ndipo muda unapopotea.

Mtoto akiwa tumboni, utumbo wake huzunguka, ukajipanga na kushikwa imara mahali pake. Kwa watoto wachache mzunguko huo haukamiliki. Utumbo hubaki umeshikwa na shina jembamba, na siku moja waweza kujisokota kama nguo inayokamuliwa. Chakula hakipiti, na damu nayo hukatika. Utumbo uliokosa damu hufa. Wengi huugua katika mwezi wa kwanza, ingawa hata mtu mzima aweza kupatwa.

Usidanganyike kwa sababu tumbo ni laini au mtoto amepata choo. Mwanzoni yaweza kuwa hivyo. Tumbo kuvimba na choo chenye damu huonyesha kwamba tumechelewa.

Hospitalini mtoto hupewa dawa inayoonekana kwenye eksirei, ili daktari aone utumbo ulivyolala. Akiwa mahututi, hupasuliwa bila kungoja picha. Mwaka 1936 Dakta William Ladd wa Boston, Marekani, alieleza upasuaji unaotumika hadi leo. Utumbo husokotolewa, na nyuzi za utando zinazoubana hukatwa. Kisha utumbo mwembamba hulazwa kulia na mpana kushoto. Kwa kawaida kidole tumbo huondolewa, kwa kuwa kikiugua baadaye kikiwa upande usio wake kitawapoteza madaktari. Sehemu iliyokufa hukatwa. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu mno.

Basi, ukiona kijani, mpeleke mtoto hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Chukua na nguo iliyochafuka umwonyeshe daktari. Bibi yake akisema mngoje kupambazuke, mjibu kwa heshima: "Mama, tutarudi kukueleza." Kisha ondokeni.