Ameitwa Yeye, Wewe Je?

Hivi mwenzangu, ungefanyaje mumeo akirudi nyumbani Ijumaa jioni, akavua viatu, akakwambia mnahamia kijijini? Usicheke. Mimi yalinikuta.

Mume wangu ni tabibu. Alianzia kazi kwenye zahanati ya kanisa, kijiji kimoja kati ya Mikumi na Kilosa, akaenda kusoma, kisha Dar ikamnasa. Ikapita miaka sita. Siku hiyo akasema kanisa limemwomba arudi kuhudumu, na yeye ameshajibu ndiyo. Ameshajibu! Nami niko jikoni nakaanga samaki, sijui hili wala lile.

Nilinuna wiki nzima. Si kwamba sipendi kazi ya Mungu. Kilichoniuma ni kwamba wito wake ulinifikia kama tangazo.

Tukakubaliana twende kwanza tukaone. Ukitoka Morogoro, barabara kuu ya Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, twiga na tembo unawaona dirishani bure. Mikumi mjini tukashika njia ya Kilosa. Akanisimulia habari za kwao: mashamba ya mkonge, reli waliyojenga Wajerumani, na mafuriko ya mto Mkondoa ya Desemba 2009 na Januari 2010, yaliyobomoa nyumba na kung'oa reli. Tangu 2024 treni ya umeme inapita Kilosa kuelekea Dodoma, lakini kijijini kwao mgonjwa bado anabebwa na bodaboda.

Nilidhani atapokewa kwa vigelegele. Bibi mmoja akamshika mkono: "Mwanangu, safari hii umekuja kukaa au kutusalimia?" Mume wangu akakosa jibu. Kumbe wamezoea. Anakuja mtu na moto wake, mwaka haujaisha hayupo, kabati la dawa linabaki na kufuli.

Kisha bibi akanigeukia: "Na wewe mkwe, umekubali?"

Jamani! Wote waliotupongeza Dar, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikamwambia ukweli, "Bado, bibi." Akacheka. "Basi kubalianeni kwanza. Mganga mwenye ugomvi nyumbani hakai."

Usiku ule tuliongea mpaka taa ya sola ikazimika. Mshahara utapungua, ada nani atalipa? Mama yangu anayeumwa je? Kwa mara ya kwanza aliniuliza badala ya kunitangazia. Tukaandika kwenye daftari: atakaa miaka mitatu, si mwaka mmoja. Mimi nitaomba uhamisho wa kazi kuja Morogoro mjini, tuwe tunaonana kila baada ya wiki mbili. Na uamuzi wowote utaanzia mezani kwetu, ndipo uende kanisani.

Ni rahisi? Wala! Kuna Jumapili nalia kwenye basi mpaka konda anaona aibu kunidai nauli. Lakini sasa ninayemuaga ni mtu niliyemruhusu aende, si aliyenikimbia kwa jina la Mungu. Na yule bibi? Kila nikifika ananiuliza kwanza mimi ninaendeleaje, ndipo anamsalimia tabibu wake.

Kwa hiyo wewe ambaye moyo unakutuma kurudi kuhudumu kijijini, hongera sana. Ila kabla hujamjibu aliyeko madhabahuni, muulize aliyeko jikoni.

Tukutane mwezi ujao.