Kiti kimoja kiwe huru

Kwenye kijiwe chetu cha kahawa hapa Ngamiani, Tanga, mimi ndiye mshika daftari. Si daftari la madeni, hilo analo muuza kahawa mwenyewe na jina langu limo. Langu ni kaunta buku la ligi ya fantasi: wanachama 12, kila mmoja anachagua wachezaji 11 wa Ligi Kuu kabla mechi za wiki hazijaanza, kisha Jumapili baada ya isha tunakaa na kalamu kuhesabu pointi.

Sheria tuliziazima kwenye fantasi ya Ligi Kuu ya England, ile ambayo vijana wanaicheza kwenye simu. Bao la beki pointi 6, la kiungo 5, la mshambuliaji 4. Beki akimaliza mechi nyavu hazijatikiswa, pointi 4. Tulichokiacha ni ulegevu wao. Kule ukishaweka kipa, mabeki watatu, viungo wawili na mshambuliaji mmoja, nafasi nne zilizobaki unazipanga utakavyo, alimradi usizidishe mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Sisi tulifunga mlango: kipa mmoja, mabeki wanne, viungo wanne, washambuliaji wawili, basi. Sababu yetu haikuwa ya kiufundi. Hesabu za mkono hazipendi mambo mengi, na taa ya kijiwe ni moja.

Leo nasema tulikosea, na nasema kama mtu aliyeumia.

Msimu wa 2023/24 nilikuwa na Stephane Aziz Ki wa Yanga na Feisal Salum, yaani Fei Toto, wa Azam, wote nimewaandika viungo, maana ndivyo walivyo. Aziz Ki alimaliza ligi na mabao 21, Fei Toto 19. Wafungaji wawili wa juu kabisa, na hakuna namba tisa kati yao! Lakini safu yangu ya viungo ilikuwa imejaa, na kila wiki nilimwacha nje kiungo wa tano aliyekuwa anachemka, ili niweke mshambuliaji wa pili ambaye kwenye timu yake kazi yake ilikuwa kupasha misuli pembeni ya uwanja. Wiki ya mwisho yule niliyemwacha akafunga. Niliyemweka hakuvua hata koti la mazoezi. Kinyozi wangu, naye mwanachama, akanipita kwa pointi tatu, na mpaka leo akininyoa ananikumbusha, wembe ukiwa shingoni.

Mtasema ulikuwa msimu mmoja wa ajabu. Haya, rudini nyuma: 2022/23 kiungo Saido Ntibazonkiza alifungana na Fiston Mayele kwa mabao 17. Njooni mbele: 2024/25 mfungaji bora alikuwa Jean Charles Ahoua wa Simba, mabao 16. Misimu mitatu, na kila mmoja kuna kiungo kileleni. Makocha wetu wengi wanapanga mshambuliaji mmoja mbele na watu watatu nyuma yake, na mabao yanatoka kwa hao watatu. Daftari langu peke yake ndilo bado linacheza na washambuliaji wawili.

Ninachopendekeza ni kidogo. Nafasi ya mshambuliaji wa pili ifutwe jina, iwe kiti huru: akae beki, kiungo au mshambuliaji, kama mwenye timu anavyoona. Wamarekani, ambao mpira wao ni ule wa kushika mikononi, wanacho kiti hicho kwenye fantasi yao na wanakiita flex. Anakaa mkimbiza mpira au mpokea pasi, ila mrusha mpira kwa kawaida haruhusiwi. Zipo ligi zinazomruhusu, na huko karibu kila mtu anamweka mrusha mpira wa pili, kwa kuwa pointi zake ni nyingi mno. Kiti kikishakuwa na jibu moja, uhuru umekwisha. Ndiyo maana nasema kiti kimoja tu, tena kipa asikikaribie.

Fundi cherehani, mpinzani wangu mkuu, ana hoja nzito. Anasema ugumu wa nafasi ndio utamu wenyewe: ukilazimika kutafuta mshambuliaji wa pili, unamjua hata wa timu ya mkiani, na aliyefuatilia ligi anamshinda anayefuata majina makubwa. Anaogopa pia ujanja wa majina. Hapo nampa haki yake. Kwenye fantasi ya Waingereza, Mohamed Salah msimu wa 2024/25 alivuna pointi 344, rekodi ya mchezo ule, akiwa ameandikwa kiungo. Alifunga mabao 29 ya ligi, na kila bao likamlipa 5 badala ya 4. Hizo ni pointi 29 za jina tu, hazikupigiwa shuti hata moja.

Dawa yake ninayo: bao la kiti huru liwe pointi 4, afunge nani afunge. Anayemweka kiungo pale amweke kwa sababu anacheza vizuri, asimweke kwa sababu ya lebo. Pointi nyingine zibaki kama zilivyo.

Jumapili iliyopita nilifungua ukurasa mpya wa msimu, nikachora mistari 11, wa mwisho nikauacha bila jina la nafasi. Fundi aliuangalia, akanywa kahawa yake, akasema kwa heri au kwa shari yeye pale atamweka beki wa tano. Nimemwambia amweke. Kinyozi ameshaanza kucheka, lakini mimi nimeshapiga hesabu: beki huyo akitoka bila kufungwa, fundi anapata pointi 4 zake kamili, na yule mshambuliaji wangu wa koti la mazoezi hakuwahi kunipa hata moja.